Vidole havilingani, na mikono je?

Kwenye daftari langu la vipimo vya nguo kuna safu niliyoiongeza kwa kalamu nyekundu mwishoni mwa mwaka 2017. Kabla ya hapo kila mteja alikuwa na mkono mmoja tu, kwa inchi: 24, 23 na nusu, 25. Tangu hapo kila mteja ana mikono miwili, M.K. wa kulia na M.Sh. wa kushoto, na pembeni yake kuna mshale mdogo wa bega, juu au chini. Vijana ninaowafundisha kazi huguna kwamba napoteza muda. Wateja nao huniambia, "Fundi, mkono umeshapima." Nawajibu ni kweli, ahsante, nyoosha na huu. Sababu siisemi, kwa kuwa ni ndefu na ndani yake kuna aibu yangu.

Kazi nilijifunzia Mikindani, kwa mjomba wangu. Kwetu Wamakonde mjomba ni mjomba kweli: akisema mtoto wa dada yangu aje akanyage cherehani, baba mtu anabaki kukohoa. Alikuwa na kibaraza kando ya barabara, bahari mbele yetu na Boma la Wajerumani kilimani nyuma yetu, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kanzu na sare za shule. Alipima mkono wa kulia tu. Siku moja, nikiwa bado mgeni wa kazi, nikamuuliza: na wa kushoto je? Akanitazama kama niliyeuliza jua la jana na la leo lipi kubwa. "Mungu hakosei vipimo," akasema. "Ukishapima wa kulia, wa kushoto umeupima."

Na kwa kanzu hakukosea. Kanzu haina ugomvi na mwili wa mtu. Mkono wake mpana, unaning'inia utakavyo, na ukizidi kidogo unaonekana ni heshima. Kaunda suti ya mikono mifupi nayo inasamehe. Shati la mikono mirefu linasamehe nusu, maana jua la Mtwara litamfanya mtu aikunje kabla ya saa nne asubuhi. Asiyesamehe ni koti la suti. Koti lina mabega yake lenyewe, limetiwa pedi na gundi, na mabega hayo hayamwigi mvaaji. Lakini mjomba makoti hakuyashona, kwa hiyo kanuni yake haikuwahi kujaribiwa.

Alikuwa pia hazina ya vipimo vya zamani. Wavuvi walimfuata awapimie kamba kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama futi sita, ambayo kwa mtu mzima hukaribia kimo chake mwenyewe. Mjomba alikuwa mfupi. Aliyeuza kamba alimpenda, aliyenunua alimkimbia. Dhiraa alinionyesha ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, inchi 18 hivi. Shubiri ni kitanga kilichotanuliwa, nusu ya dhiraa. Aliniambia kwamba enzi za merikani watu walinunua kitambaa kwa mkono, hiyo hiyo dhiraa, na mwenye akili alikwenda dukani na ndugu yake mwenye mikono mirefu. Ndiyo maana Kiswahili kina mkono wa mtu, mkono wa shati na mkono wa kitambaa, na ugomvi mwingi wa kazi yangu umo ndani ya neno hilo moja. Ila sikuwahi kumsikia mtu akiuliza ni mkono upi, wa kulia au wa kushoto. Wahenga walisema vidole vya mkono havilingani, wakaishia hapo. Mikono yenyewe hawakuigusa.

Nilihamia Mtwara mjini, nikafungua kibanda Magomeni, nikaanza kushona suti kwa kufumua makoti ya mitumba na kuangalia yalivyojengwa. Ndivyo wengi tulivyojifunza. Kanuni ya mjomba nilikuja nayo bila kuihoji.

Msimu wa korosho wa 2017 watu wa kwetu wanaukumbuka. Minadani bei ilipanda hadi kukaribia shilingi 4,000 kwa kilo, na pesa ikaingia vijijini kwa kishindo: mabati mapya, bodaboda mpya, harusi juu ya harusi. Mafundi tulikuwa tunalala juu ya vitambaa. Ndipo akaja kijana kutoka upande wa Nanguruwe, mkulima, mpole, anaoa Mikindani. Kanzu ya ndoa alikuwa nayo. Alitaka suti ya ukumbini, ya kwanza maishani mwake, buluu iliyokolea, bitana nzima, pedi begani.

Nikampima kama nilivyofundishwa. Mkono, 25.

Jumanne alikuja kujaribu. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Alipovaa niliona kabla hajasema. Upande wa kushoto koti lilifika kifundoni, shati likichungulia kidogo kama inavyotakiwa. Upande wa kulia mkono wake ulitoka nje nusu inchi nzima, kama mwanafunzi aliyerefuka katikati ya muhula. Akajitazama kwenye kioo, akanitazama mimi.

"Fundi, huu mmoja umeukata mfupi."

Hakuna neno linalomchoma fundi kama hilo. Nikamvua koti, nikalilaza mezani, nikaweka mkono juu ya mkono, mshono juu ya mshono. Ikalingana hadi uzi wa mwisho. Basi kwa furaha ya ushindi, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi na mama muuza ming'oko aliyekuwa ameweka beseni lake mlangoni, nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia: "Kaka, koti halina kosa. Kosa unalo wewe. Mkono wako mmoja mrefu!"

Benchi likacheka. Yeye hakucheka. Aliishusha mikono, akautazama mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu asiyemjua.

Nikafanya ninachokijua. Nikafumua pindo la kulia, nikateremsha nusu inchi, nikapiga pasi. Vifundoni pakalingana. Lakini chini ya kola, upande huo huo wa kulia, kulikuwa na mkunjo ulioshuka mshazari kuelekea kwapani, na ulikuwepo tangu alipovaa mara ya kwanza. Niliuona. Nikausingizia pasi.

Jumatano jioni, nikiwa nazima taa, mshenga akafika. Mzee wa Mikindani, mjomba aliwahi kumshonea kanzu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafunga saa ngapi?"

Nilijua hakuja kushona. Mama wa ming'oko hakuwa na ubaya wowote, alisimulia kichekesho. Lakini toka Magomeni hadi Mikindani ni kama kilomita kumi, na kila neno liliposhuka kwenye gari liliongezwa chumvi. Lilipomfikia shangazi wa bibi harusi, kijana alikuwa na mkono uliolemaa, fundi anamfichia kwa koti, na tena ni ugonjwa wa mifupa wa kwao, utawafikia watoto. Shangazi alikuwa ametaka ndoa isogezwe mpaka ukweli ujulikane.

"Sikuja kugombana," mzee akasema. "Ila maneno yametoka kinywani mwako, na kinywa kingine hakiwezi kuyarudisha. Kesho baada ya magharibi uje barazani."

Nyumbani nilimpa mke wangu futikamba, nikavua shati, nikamwambia nipime. Kulia 24 na robo tatu. Kushoto 24 na nusu. Nikaona jasho linanitoka. Nikamwambia rudia. Kulia 24 na nusu. Akarudia kushoto: 24 na robo. Akaitupa futikamba kitandani, akasema kama kuna ugonjwa basi uko kwenye hiyo kamba.

Alhamisi asubuhi nilimfuata bwana harusi alikofikia, nikamwomba radhi, nikamchukua hadi kwa mteja wangu mmoja anayefanya kazi hospitali, kitengo cha mazoezi ya viungo, wale wanaowanyoosha waliovunjika na waliopooza. Nilikuwa nimemshonea magauni kadhaa. Alinisikiliza mpaka mwisho akijizuia kucheka.

"Fundi, tangu uanze kazi umepima watu wangapi?"

"Maelfu, daktari."

"Na hujawahi kukutana na mtu ambaye mikono yake imepishana?"

"Huyu ndiye wa kwanza."

"Umekutana nao wote hao maelfu. Ulikuwa unapima mmoja."

Kisha akanipa futikamba yake, akaniambia nipime mkono wa kulia wa kijana mara tatu, na kila mara nimwonyeshe kimya kimya. Mkono ule ule, mtu yule yule, nilipata majibu matatu, na la juu lilizidi la chini kwa robo inchi. Nikaona haya kuliko jana. Akanionyesha makosa yangu moja baada ya jingine. Mara ya kwanza kijana alikunja kiwiko kidogo. Mara ya pili aliinamisha shingo kuangalia namba, bega likapanda. Mara ya tatu nilianzia kwenye nyama ya bega badala ya mfupa. Na futikamba yangu mwenyewe, tulipoilaza kando ya yake, ilikuwa imevutika kwa miaka ya kazi. Ilikosa kama robo inchi kwa urefu wa mkono mmoja. Mke wangu alikuwa amesema kweli.

Njia yake ilikuwa hivi: unabonyeza kwa kidole mpaka uone ncha ya mfupa pale bega linapoishia, unaanzia hapo, kiwiko kimenyooka, unashuka hadi ncha ya mfupa wa kifundo upande wa kidole gumba. Mara tatu, unachukua la katikati. "Kabla hujasema mikono ya mtu imepishana," akaniambia, "jua kwanza vipimo vyako wewe vinapishana kwa kiasi gani." Akaongeza kwamba hata kliniki ya watoto, wanapopima unene wa mkono kuona kama mtoto ana utapiamlo, wamekubaliana wote wapime wa kushoto, asiwepo wa kupima huu na mwenzake ule.

Nilimuuliza kama basi tofauti haipo, ni makosa ya wapimaji tu. Akasema ipo. Watu tisa kati ya kumi hivi wanatumia mkono wa kulia, na kwa wengi wao mfupa wa juu ya kiwiko upande wa kulia ni mrefu kidogo kuliko wa kushoto, kama sehemu moja katika mia. Mfupa huo kwa mtu mzima una sentimita 30 hivi, kwa hiyo tunazungumzia milimita tatu, wakati mwingine zaidi. Ukijumlisha na mifupa ya chini ya kiwiko, mtu mwenye afya kamili anaweza kupishana milimita kadhaa, hata kukaribia sentimita, na asijue mpaka anaingia kaburini. Wanaotumia kushoto hawafuati mpangilio huo: kwa wengine unageuka, kwa wengine unapotea. Kilichonishangaza zaidi ni mtulinga, ule mfupa wa mbele chini ya shingo. Huo mara nyingi ni kinyume, wa kushoto ndio mrefu. Na miguuni pia, paja la kushoto mara nyingi huzidi kidogo. Nikamwambia sisi basi tumeshonwa na fundi asiye na futikamba. Akasema heri hivyo, kwa sababu miguu ikipishana sana nyonga inaegama na mgongo unalalamika, lakini mikono inaning'inia tu, haisimamii kitu, nani ataijua?

Sababu? Akasema kuna inayoanza mapema sana. Mashine za kumwangalia mtoto tumboni zimeonyesha wengi wakinyonya kidole gumba cha kulia kabla hawajazaliwa. Kisha kuna kazi. Mfupa wa mtoto una gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo unaporefukia. Kwa wavulana gegedu hilo hufunga kwenye miaka 17 au 18 hivi, wasichana hutangulia kwa mwaka au miwili. Likishafunga, mfupa haurefuki tena hata ukibebeshwa meli. Unaweza kunenepa, ndiyo. Akanipa mfano wa wacheza tenisi: mkono wa kupigia una mifupa minene kuliko mwenzake, na kwa walioanza utotoni tofauti ni kubwa kuliko kwa walioanza ukubwani. Mimi nikawafikiria wachonga vinyago ninaowajua, tezo mkono wa kulia tangu wakiwa na umri wa kuchunga mbuzi, na jinsi mashati yao yanavyobana mkono mmoja na kupwaya mwingine. Miaka yote nilidhani ni mashati.

Basi akampima kijana. Mara tatu kila upande. Tofauti ya mifupa yake: milimita nne. Haifiki hata robo inchi.

"Sasa nusu inchi yangu iko wapi?" nikauliza.

Akamgeuza kijana, mgongo wazi, akaweka dole gumba lake moja chini ya kila kombe la bega. Dole la kulia lilikuwa chini ya la kushoto, unaona kwa macho. Bega la mkono unaotumika sana, akasema, mara nyingi hukaa chini kidogo, ni mazoea ya misuli. Akamwambia ainame mbele, mikono ikining'inia, akachutama nyuma yake kumtazama mgongo. Ulikuwa sawa pande zote mbili, hakuna upande ulioinuka, kwa hiyo uti wa mgongo haukupinda. Akamuuliza kama aliwahi kuvunjika, kama mkono hufa ganzi, kama umepungua nguvu. Hapana, hapana, hapana. "Huyu ni mzima," akasema. "Mtu wa kumleta kwangu ni yule ambaye tofauti imeanza juzi, au mkono umekonda, au umevimba, au una ganzi, na mtoto aliyevunjika karibu na kiungo, maana gegedu likiumia mkono unaweza kubaki nyuma. Siyo huyu."

Halafu akafanya mchezo ambao mpaka leo nawachezea watoto dukani. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, viganja vigusane, vidole vilingane. Akanisukuma bega moja kwa nyuma kidogo tu. Vidole vya mkono mmoja vikapita vya mwenzake kwa inchi nzima. Kombe la bega halikupigiliwa misumari kwenye mbavu. Linaelea katikati ya misuli, na kinachoufunga mkono mzima na mifupa ya kiwiliwili ni mtulinga peke yake. Ukiegama, ukichoka, ukisimama kwa mguu mmoja, "urefu" wa mkono unabadilika na mfupa haujaongezeka hata chembe. Nikawaza ni kuku wangapi wa watu wameliwa na waganga kwa mchezo ule, mgonjwa akirefushwa mkono mbele ya kadamnasi.

Pale pale nikauelewa ule mkunjo wa shingoni. Koti langu lilikuwa na mabega mawili sawasawa. Kijana alikuwa na moja juu na jingine chini. Koti likaketi kwenye bega la kushoto, upande wa kulia likabaki limesimama juu ya hewa, na mkono wake ukashuka na bega lake ukiliacha koti juu. Mimi nikaenda kurefusha mkono. Nilitibu kifundo, ugonjwa uko begani. Kibaya zaidi, nilitangaza ugonjwa ambao haukuwepo kabisa.

Barazani Mikindani nilikaribishwa kahawa kwa ukimya. Nilisema nilichokuja kusema, kwamba nilisema uongo bila kujua, na kijana ni mzima. Wazee wakaitikia kwa heshima ile ya kutokuamini. Nikaona maneno hayafai. Nikatoa futikamba, mpya, niliyoinunua mchana ule, nikamwomba mshenga avue koti lake.

Nilipima wazee saba, kila mmoja mara tatu kila upande, taa ya simu mdomoni. Watano mkono wa kulia ulizidi. Mmoja wa kushoto ulizidi, na wenzake wakapiga kelele kwamba ndiyo, huyu hata randa alishika kwa kushoto tangu ujana. Mmoja alitoka sawa kabisa, akaanza kutamba, mpaka mshenga akamuuliza atapata faida gani nayo.

Alikuwepo mwalimu mstaafu wa historia. Alikuwa kimya muda wote, kisha akanyoosha kidole kilimani kwenye giza. "Lile Boma Wajerumani walilijenga 1895. Kaisari wao, Wilhelm wa Pili, alizaliwa 1859 kwa taabu, ametanguliza matako, mishipa ya begani ikaumia. Mkono wake wa kushoto ukabaki mfupi kwa sentimita 15 hivi. Kwenye picha utamkuta ameshika glavu kwa mkono ule, au ameuficha. Ndiye aliyekuwa kitini wakati wa vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Umatumbi."

Sentimita 15. Inchi karibu sita! Nilimwonea huruma fundi wake, siyo yeye. Nikasema huo ndio mkono ulioumia, mtu yeyote anauona akiwa ng'ambo ya barabara. Wa kijana wetu hauonekani bila kubonyeza mifupa.

Mzee mmoja aliyekuwa amelala nusu akasema, "Mkono mfupi, na bado ukafika mpaka Umatumbi."

Hapo kicheko kilikuwa cha aina nyingine, kirefu na chenye uchungu ndani, na baada yake watu wakawa wamelegea. Kutoka uani shangazi akapaza sauti kwamba wanaume wamepimana wenyewe kwa wenyewe, atajuaje? Sikuweza kwenda kumpima mimi. Nikampa futikamba mdogo wa bibi harusi, nikamwelekeza pa kuanzia na pa kuishia. Tukasubiri. Binti aliporudi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Akaniambia namba kwa sauti ya chini, lakini baraza zima lilikuwa limenyamaza: kulia 22 na robo tatu, kushoto 22 na robo. Nusu inchi. Kuliko bwana harusi, kuliko wazee wote saba.

Sikusema kitu. Somo la Jumanne nilikuwa nimeshalipata. Nikaandika kwenye daftari, nikalifunga.

Ni shangazi mwenyewe aliyesema, toka uani. "Basi mimi na mkwe wangu tumefanana."

Nilirudi Magomeni usiku ule ule. Nikafumua bega la kulia la koti, nikashusha mshono wa bega mpaka ulipofuata mteremko wa mwili wake, nikapunguza pedi, nikashusha na kwapa kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu ukishusha bega ukaacha kwapa utambana kama mzigo. Kisha nikarudisha lile pindo la mkono karibu lilipokuwa mwanzo, nikabakiza uzi mmoja wa zile milimita nne. Mkunjo wa shingoni ukaondoka wenyewe, bila pasi. Kuna njia nyingine, ya kujaza pedi upande ulioshuka ili mabega yaonekane yamelingana. Ukiitumia hiyo ndipo unapaswa kurefusha mkono, maana mwili umebaki chini na koti limebaki juu. Zote mbili ni halali. Kosa ni kufanya nusu ya hii na nusu ya ile, kama nilivyofanya mimi. Pesa ya ufundi nilimrudishia kijana yote. Alikataa, nikamtumia mshenga.

Tangu hapo nabadilisha futikamba kila mwaka, naipima kwanza kwenye rula ya chuma. Mteja asimame, asikae, mzigo aweke chini na simu aweke mfukoni, atazame mbele, siyo namba zangu. Bega nalishika kabla ya mkono. Tofauti ikiwa chini ya robo inchi naisahau. Ikizidi naikata kwenye kitambaa. Na nikiandika, mkono wangu unaifunika namba. Mteja mmoja mwanamke aliniuliza nimeandika nini pale. Nikamwambia ni alama zetu mafundi.

Ile Jumamosi baada ya harusi nilichelewa kufungua, nimelala kidogo. Nilipofika nilikuta wazee watatu wa Mikindani wamekaa kwenye benchi langu tangu gari la kwanza, kila mmoja amepakata mfuko wa Rambo. Niliwasalimia, wakaitikia, nikauliza kuna habari gani tena. Mshenga akafungua mfuko wake, akatoa koti la kijivu la miaka ile ya ujana wao, akalitandaza magotini.

"Hili," akasema, "tangu nilinunue linanivuta huku."